Sindano tano za Yambuku: wauguzi wa Kongo na magonjwa yanayowakuta kazini

Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, zone ya Bumba, jimbo la Equateur, wauguzi walikuwa wanakabidhiwa kila asubuhi mabomba matano ya sindano. Matano tu, kwa siku nzima. Hayo hayo yalitumika kwa wagonjwa waliokuja na kurudi nyumbani, kwa waliolazwa wodini na kwa wamama wa maternite. Akimaliza mgonjwa mmoja, sindano ilisuuzwa katika beseni la maji ya uvuguvugu, kisha ikaingia katika mkono wa mwingine. Jioni zilichemshwa, ingawa si kila jioni.

Hospitali hiyo ilikuwa na vitanda 120 na wafanyakazi 17, wakiwemo masista kutoka Ubelgiji. Muganga hakuwepo hata mmoja. Watu waliokuja kutibiwa walikuwa kati ya 6,000 na 12,000 kwa mwezi. Ukichukua hesabu ndogo, 6,000, ukaigawa kwa siku 30, unapata watu 200 kila siku. Si wote waliopigwa sindano, lakini wengi waliitaka. Katika vijiji vyetu hadi leo mtu akipewa vidonge peke yake anarudi nyumbani akinung'unika kwamba hakutibiwa.

Tarehe 26 Agosti ya mwaka huo, mwalimu wa shule ya misheni, aliyekuwa ametoka safarini, alifika na homa. Wauguzi walidhani ni malaria, kama ambavyo muuguzi yeyote angedhani, wakampiga sindano ya klorokini. Homa ikashuka, halafu ikarudi na kutokwa damu. Akafa tarehe 8 Septemba. Wakati huo watu wengine waliopitia hospitali ileile walikuwa wameanza kuugua nyumbani kwao, katika vijiji mbalimbali, na waliowauguza wakafuata.

Ulikuwa ugonjwa usio na jina. Baadaye ukapewa jina la mto Ebola, unaopita katika sehemu hiyo ya nchi. Walihesabiwa wagonjwa 318, na 280 kati yao walikufa. Katika wale wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Hospitali ikafungwa kwa kukosa watu wa kuiendesha, na kufungwa kwake kukawa moja ya sababu za ugonjwa kupungua, maana sindano zilisimama. Wachunguzi walipouliza nyumba kwa nyumba, waligundua kwamba wagonjwa 85 walikuwa wamepigwa sindano pale hospitalini kabla ya kuugua. Na mtu ambaye sindano peke yake ndiyo ilikuwa njia yake ya kuambukizwa, hakuna aliyejulikana kupona.

Je, wauguzi wa Yambuku walikuwa hawajui? Swali hili limeulizwa mara nyingi, na wengi wanaolijibu wako mbali na beseni lile. Kama wasingejua kwamba sindano chafu inabeba ugonjwa, wangechemsha jioni kwa sababu gani? Walijua. Walichokosa ni mabomba, moto na muda. Kuchemsha sindano vizuri kunachukua karibu dakika 20. Ukiwa na mabomba matano na foleni ya watu 200, ujuzi wako unabaki kichwani.

Ili kuelewa kwa nini hospitali kubwa hivyo iliachwa mikononi mwa wauguzi, inabidi kurudi nyuma. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, kazi kubwa ya afya vijijini ilikuwa kupambana na malale. Vikundi vya wauguzi vilizunguka kijiji kwa kijiji, watu wakapangwa mstari, shingo zikapapaswa kutafuta tezi, na waliopatikana na ugonjwa wakapigwa sindano. Mwaka 1930 lilianzishwa shirika la FOREAMI kwa ajili ya afya ya wenyeji, na kazi hiyo ikapanuka. Hapo ndipo wazee wetu walipoizoea sindano, wengine kwa kuiogopa, wengine kwa kuona vidonda vya buba vikikauka baada ya dawa kuingia mwilini. Imani ya kwamba dawa ya kweli ni ile inayouma ilipandwa na kampeni hizo, kisha ikamea yenyewe.

Wakongomani waliruhusiwa kusomea uuguzi, na walio hodari zaidi wakawa wasaidizi wa waganga. Kusomea uganga wenyewe ilikuwa jambo jingine. Uhuru ulipofika Juni 30, 1960, nchi haikuwa na muganga Mkongomani aliyemaliza chuo kikuu. Waganga wengi wa Kibelgiji wakaondoka ndani ya wiki chache. Baadhi ya wasaidizi wakapelekwa Ufaransa kumalizia masomo ili warudi wakiwa waganga kamili. Huku nyumbani aliyebaki akizalisha, akishona vidonda na kuandika dawa ni muuguzi. Ndiyo maana mpaka sasa, huko Walikale au Shabunda, kila anayevaa koti jeupe anaitwa «docta», na mara nyingi hakuna docta mwingine.

Habari ya Yambuku ilipofika Kinshasa, alitumwa muganga kijana wa chuo kikuu, Jean-Jacques Muyembe. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alichukua damu ya wagonjwa bila glavu, damu ikamtiririkia vidoleni, na alichokuwa nacho ni sabuni na maji. Alinawa. Akarudi Kinshasa pamoja na sista mmoja mgonjwa, ambaye alilazwa katika kliniki ya Ngaliema na kufia huko. Muuguzi kijana aliyemhudumia, Mayinga N'Seka, aliugua na akafa pia. Kabla ya kulazwa alikuwa ametembea mjini siku mbili akishughulikia makaratasi ya safari ya masomo, akakaa na watu wengi hospitalini Mama Yemo. Mji mzima ulishikwa na hofu. Lakini hakuna aliyegusana naye siku hizo aliyeugua, na hapo wataalamu wakapata somo ambalo wauguzi wanafundishwa hadi leo: ugonjwa huu unaambukiza sana pale mgonjwa anapozidiwa, anapotapika, anapoharisha, anapotokwa damu, na hata baada ya kufa. Saa hizo ndizo saa za kazi ya muuguzi. Ndugu wanaweza kusogea pembeni. Yeye anatakiwa kusogea karibu. Aina ile ya kirusi imeitwa Mayinga katika maabara za dunia nzima, na huenda wengi wanaoitaja hawajui kwamba ni jina la muuguzi wa Kinshasa.

Miaka karibu 19 ikapita. Mwaka 1995 ilikuwa zamu ya Kikwit, katika Bandundu. Mtu wa kwanza kujulikana alikuwa mchoma makala aliyefanya kazi porini, mwezi wa kwanza. Ugonjwa ukazunguka katika familia polepole, wiki kwa wiki, bila kutambuliwa. Watu walidhani ni kuhara damu. Mwezi wa nne, mfanyakazi wa maabara wa maternite moja ya mji aliugua. Ikadhaniwa homa ya matumbo imemtoboa utumbo, akapasuliwa katika Hospitali Kuu ya Kikwit. Waliomzunguka mezani na waliomuuguza baadaye wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Masista sita Waitaliano wa shirika la Poverelle la Bergamo, wauguzi wa siku nyingi katika nchi hii, walikufa ndani ya wiki chache.

Mwisho wa hesabu Kikwit ilikuwa na wagonjwa 315, na takribani 250 walikufa. Katika hao 315, wafanyakazi wa afya walikuwa 80. Ni mmoja kati ya kila wanne. Tena si kwamba Zaire ilikuwa haijawahi kuiona Ebola. Iliiona kabla ya nchi nyingine yoyote, pamoja na Sudan. Ila ujuzi wa 1976 ulibaki katika ripoti na katika vichwa vya watu wachache kama Muyembe, ambaye alifika Kikwit na kuongoza kazi ya kupambana. Ndani ya hospitali yenyewe maji hayakutoka bombani, umeme ulikuwa wa kubahatisha, na glavu zilikuwa kitu cha kununuliwa na familia ya mgonjwa pamoja na pamba na spiriti. Mishahara ilikuwa imepoteza thamani na mingine haikufika. Mgonjwa aliogeshwa na ndugu zake, na muuguzi alimwekea serumu kwa mikono mitupu.

Kilichofuata Kikwit kinastahili kusimuliwa taratibu, kwa sababu ndicho kinachoonyesha kwamba mambo yangeweza kuwa tofauti. Glavu zililetwa, barakoa, makoti ya plastiki, viatu vya mpira, dawa ya klorini. Wauguzi waliobaki walionyeshwa namna ya kuvaa na, kwa uangalifu zaidi, namna ya kuvua, maana uchafu uko nje ya vazi na kosa linatokea mtu akiwa amechoka na anataka kutoka upesi. Wagonjwa wakatengwa katika wodi yao. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu wakachukua kazi ya kuzika. Tangu siku hizo maambukizo kwa wafanyakazi wa afya yalishuka mpaka karibu kuisha, ingawa wagonjwa bado walikuwepo. Wauguzi walikuwa walewale, na vyeti vyao vilevile. Ujuzi wao ulikuwa umepata mikono.

Kati ya Kikwit na Mangina, sindano yenyewe ilibadilika. SIDA ilikuwa imewafundisha watu wa mijini kudai sindano mpya, ifunguliwe mbele ya macho yao. Mwaka 1999, OMS, UNICEF na wenzao walikubaliana kwamba chanjo zote zitolewe kwa bomba linalojifunga lenyewe baada ya kutumika mara moja, na nchi zote ziwe zimefika hapo mwisho wa 2003. Ndilo bomba ambalo kila mama wa Kivu analiona siku ya chanjo ya mtoto, pamoja na kile kisanduku cha kartoni ambamo sindano hutupwa. Beseni la Yambuku haliwezi kurudi kirahisi, angalau kwa chanjo.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, katika teritwari ya Beni, wiki moja tu baada ya ile ya Equateur kutangazwa kwisha. Wasikilizaji wa Beni, Butembo, Katwa, Mabalako na Mambasa hawahitaji kukumbushwa. Hadi ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, walihesabiwa wagonjwa 3,470, na waliokufa walikuwa zaidi ya 2,280. Wafanyakazi wa afya walioambukizwa walikuwa 171, yaani wagonjwa watano kwa kila mia.

Kutoka 25 kwa mia hadi 5 kwa mia ni hatua kubwa, lakini hesabu hiyo isomwe kwa akili. Ugonjwa wa Kivu ulienea sana majumbani na katika mazishi, kwa hiyo sehemu ya wauguzi ilionekana ndogo mbele ya wingi wa wengine. Watu 171 ni zaidi ya mara mbili ya wale 80 wa Kikwit. Hata hivyo kulikuwa na kitu ambacho Kikwit haikuwa nacho: chanjo. Ilianza kutolewa Mangina tarehe 8 Agosti 2018, na wafanyakazi wa afya wakawa wa kwanza. Kabla ya ugonjwa kwisha, zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamechanjwa.

Mahali palipokuwa na hatari zaidi hapakuwa hospitali kubwa zenye mahema na mabomba ya klorini. Palikuwa ni vile vituo vidogo vya mtaani ambavyo Beni inaviita tradimoderni, ambapo mtu mmoja anatoa mizizi, anatoa vidonge na anatundika serumu, wagonjwa wawili kitandani. Miezi ya mwisho wa 2018 malaria ilipanda, mama wakakimbiza watoto huko kwa sababu ni karibu, ni bei nafuu, na mwenye kituo anajulikana. Watoto wengi waliingia na malaria na wakatoka na Ebola. OMS yenyewe ilisema hivyo wakati ule. Ukitazama vizuri utaona ni Yambuku tena, miaka 42 baadaye: mgonjwa wa homa, sindano, na mtu wa afya anayeaminiwa na jirani zake lakini hana vifaa.

Nao wauguzi waliokuwa na vifaa walipata shida nyingine. Aliyemwambia mgonjwa anawe, apimwe joto, asubiri pembeni, alionekana amelipwa ili «kuuza» watu. Muuguzi mmoja kuvaa glavu mbele ya jirani yake aliyemjua tangu utoto lilikuwa jambo la kuudhi, kana kwamba amemwambia yeye ni mchafu. Tarehe 19 Aprili 2019 muganga wa OMS kutoka Kamerun, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi ndani ya kliniki za chuo kikuu Butembo. Mwezi wa 11 mwaka huohuo, mtangazaji wa redio ya jamii ya Lwemba, Mambasa, aliyekuwa akieleza watu juu ya ugonjwa huu, aliuawa nyumbani kwake. Kujilinda na kirusi lilikuwa somo moja, na kujilinda na watu lilikuwa somo ambalo shule za uuguzi hazikuwa nalo.

Ebola inapokwisha, mahema yanafungwa na magari yanaondoka, na hapo ndipo mazoea yanapimwa. Sehemu za kunawia zinakauka. Bomba la klorini linabaki mlangoni bila kitu ndani. Lakini muuguzi haambukizwi Ebola tu. Hatari yake ya kila siku ni ndogo na haina kelele: sindano inayomchoma kidole. Ikiwa mgonjwa ana hepatiti B na muuguzi hajachanjwa, mchomo mmoja unaweza kumwambukiza hata mara 30 kwa 100. Kwa kirusi cha SIDA ni karibu mara 3 kwa 1,000. Michomo mingi inatokea pale mtu anapojaribu kurudisha kifuniko juu ya sindano iliyotumika, jambo ambalo kila mwanafunzi wa uuguzi anaambiwa asilifanye, na ambalo wengi wanalifanya kwa sababu kisanduku kiko mbali, kimejaa, au hakipo, nao wanaogopa kuiacha wazi mezani mahali ambapo watoto wanapita.

Chanjo ya hepatiti B ipo tangu miaka ya 1980. Mtu mzima anapigwa mara tatu, kwa kawaida ndani ya miezi sita. Watoto wa Kongo wanaipata ndani ya chanjo ya pentavalenti. Muuguzi aliyezaliwa kabla ya hapo aliikosa utotoni, na asipoitafuta mwenyewe anabaki hivyo, akiwachanja watoto kila Jumatano kwa kinga ambayo yeye hana. Kuhusu SIDA, aliyechomwa anapaswa kuosha mahali hapo kwa maji na sabuni bila kukamua, aseme mara moja kwa mkubwa wake, na aanze dawa za kuzuia kabla ya saa 72 kupita, kwa siku 28. Kinachowazuia wengi ni aibu. Akisema, ataulizwa alikuwa anafanya nini. Akianza dawa, wenzake watamwona akizimeza.

Kwenye kambi na shule walimolala wahami hali hii inaonekana wazi zaidi. Kituo cha afya ni turubai, meza na kandoo la maji lenye robine. Muuguzi mmoja anaona watu wa kipindupindu, wa surua, na tangu 2024 wa mpox, ugonjwa ambao mwaka huo ulifika hadi kambi za kandokando ya Goma. Wengi wa wauguzi hao ni wahami wenyewe, wanaolala katika vibanda kama wagonjwa wao, na wanaporudi jioni wanabeba nguo za kazi hadi mahali wanapolala watoto. Primu inachelewa. Akiugua yeye, block nzima inabaki bila mtu.

Familia za wagonjwa nazo zina sehemu yao, na si ya kuvumilia tu. Kuuliza kama sindano ni mpya si kumtukana muuguzi. Kumpa nafasi ya kunawa kabla hajamshika mtoto, kutomvuta koti akiwa ameshika sindano, kutotupa takataka katika kile kisanduku cha kartoni ili kisijae upesi, kumwambia ukweli kama nyumbani kuna mtu amekufa hivi karibuni na alikufa vipi: mambo haya hayana bei. Maji ya javeli yakichanganywa na maji mengi yananawisha mikono. Yakiwa makali yanasafisha meza na sakafu. Kipimo cha klorini cha mikono ni 0.05 kwa mia, na cha vitu ni 0.5, mara kumi zaidi. Kuvibadilisha kunachubua ngozi ya mtu au kunaacha kirusi mezani.

Mwezi wa nane 2025, mbali na huku, mama mjamzito wa miaka 34 alilazwa hospitalini Bulape, jimbo la Kasai, akiwa na homa na kutokwa damu. Ebola ilitangazwa tarehe 4 Septemba. Katika watu 15 wa kwanza waliohesabiwa kuwa wamekufa, wanne walikuwa wafanyakazi wa afya. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 1 Desemba, baada ya wagonjwa 64 na vifo 45. Chanjo ilikuwa imefika Bulape katikati ya Septemba, siku kumi baada ya tangazo, na waliopangwa mbele kwenye mstari, pamoja na waliogusana na wagonjwa, walikuwa wauguzi waliobaki wa hospitali ile.